Kopo Lilitaka Ng'ombe wa Bei ya Kutupa

Hebu tuanze na swali la bucha. Mbuzi akichinjwa alfajiri kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, na bucha haina friji, una muda gani kabla nyama haijaanza kunuka? Muuza nyama yeyote atakwambia: njoo asubuhi, jioni usiniulize. Bakteria wanaoozesha nyama, wakipata joto linalowafaa, wanaweza kuongezeka maradufu ndani ya nusu saa au chini ya hapo. Piga hesabu mwenyewe, kutoka bakteria mmoja hadi machweo.

Kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu, hesabu hiyo ndiyo iliyoamua nani amuuzie nani nyama. Mchele ulipanda jahazi, karafuu zilipanda jahazi, lakini nyama ilikuwa lazima itembee kwa miguu yake yenyewe hadi kwa mlaji. Leo dunia inazalisha zaidi ya tani milioni 350 za nyama kwa mwaka, wakati mwaka 1961 zilikuwa milioni 70 na kidogo. Sehemu yake huvuka bahari ikiwa kwenye makontena ya baridi. Sasa angalia jambo hili: Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. New Zealand ina kama milioni 10 tu, na iko huko mwisho wa dunia, mbali na wateja wake wote. Lakini ukitaja wauzaji wakubwa wa nyama na maziwa nje ya nchi, New Zealand imo. Sisi hatumo.

Jibu unalolisikia kila siku ni kwamba wafugaji wetu wanapenda idadi, hawapendi biashara. Mimi jibu hilo silikubali, na nitakuonyesha kwa nini. Itabidi tuzunguke kidogo, tupitie Amerika Kusini.

Katikati ya karne ya 19, kwenye mbuga za Uruguay na Argentina, ng'ombe walikuwa wengi kiasi kwamba nyama yake haikuwa na thamani. Ng'ombe alichinjwa kwa ajili ya ngozi na mafuta. Nyama iliyookolewa ilikatwa vipande, ikatiwa chumvi, ikakaushwa juani na kupelekwa Brazil na Cuba, ambako ilikuwa chakula cha watumwa kwenye mashamba. Iliyobaki iliachiwa ndege.

Huko Ujerumani, mkemia maarufu Justus von Liebig alikuwa ameeleza mwaka 1847 namna ya kuchemsha nyama hadi upate rojo jeusi, zito, lenye ladha yote ya mchuzi. Tatizo lilikuwa gharama: kilo 1 ya rojo ilitaka kama kilo 30 za nyama. Nani Ulaya angemudu? Mhandisi mmoja, Georg Giebert, aliyezijua zile mbuga za ng'ombe wa bure, akamwandikia Liebig. Mwaka 1865 ikasajiliwa kampuni London yenye jina la mkemia huyo, na kiwanda kikawa Fray Bentos, kando ya Mto Uruguay. Watafiti wengine walikuja kuonyesha kwamba lile rojo halikuwa chakula cha maana. Protini karibu yote ilibaki kwenye makapi. Liebig mwenyewe alilegeza madai yake, akaliweka karibu na chai na kahawa. Halikuacha kuuzika. Na kuanzia miaka ya 1870 kiwanda kikaanza pia kutoa nyama ya kopo, na hapa ndipo nataka usimame nami kidogo.

Ng'ombe mzee ana nyama ngumu kwa sababu ya kolajeni, zile nyuzi zinazoshikilia misuli, ambazo hukomaa na umri. Ukiichoma, unatafuna mpaka taya ziume. Lakini ukiipika kwa muda mrefu kwenye joto la juu lenye mvuke, kolajeni inayeyuka na kuwa jelatini, laini kabisa. Kutengeneza kopo ni kupika kwa namna hiyohiyo, kwa sababu joto linaloua vijidudu ndilo hilo linalolainisha nyama. Kwa hiyo kopo halibagui. Ng'ombe mzee, aliyekonda, aliyetembea kilomita mia, ndani ya kopo anafanana na mwenzake. Kwa mwenye kiwanda maana yake ni moja: hakuna sababu ya kulipia ng'ombe mzuri. Tafuta wa bei ya kutupa, na uwapate wengi, bila kukatika.

Baridi ni habari nyingine. Baridi haifichi kitu. Nyama ikiingia ngumu, itatoka ngumu.

Mfaransa Charles Tellier alijaribu mwaka 1876 na meli yake Frigorifique, kutoka Rouen hadi Buenos Aires. Nyama ilifika, ingawa ladha yake ililalamikiwa. Baadaye kidogo meli Paraguay ikavusha mizoga iliyoganda ya kondoo kutoka Argentina hadi Le Havre. Australia nao wakafikisha mzigo London mwaka 1880. (Ubishi wa nani alikuwa wa kwanza nawaachia wenyewe.) Safari iliyobadilisha nchi nzima ni ya Dunedin, iliyotoka Port Chalmers, New Zealand, tarehe 15 Februari 1882.

Dunedin ilikuwa meli ya matanga, lakini ndani yake kulikuwa na mashine ya mvuke ambayo kazi yake haikuwa kusukuma meli. Ilisukuma hewa. Umewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono? Pampu inapata moto, kwa sababu hewa ikibanwa inapata joto. Sasa fikiria unaibana hewa, unaipoza kwa maji ya bahari ikiwa bado imebanwa, halafu unaiachia ghafla itanuke na kusukuma pistoni. Inatumia nishati yake kufanya kazi hiyo, na inatoka baridi kuliko barafu. Hewa hiyo inapelekwa kwenye ngama ya meli. Basi. Hakuna kemikali, hakuna gesi ya sumu.

Mzigo ulikuwa mizoga karibu 5,000 ya kondoo, na kasha kadhaa za siagi. Cheche za bomba la moshi zilitishia kuunguza matanga. Walipofika ukanda wa joto nahodha, John Whitson, akagundua kwamba baridi haienei sawasawa. Akaingia mwenyewe ndani ya njia kuu ya hewa kukata matundu, akapooza kwa baridi, ikabidi avutwe kwa kamba iliyofungwa miguuni. Hebu waza: meli iko karibu na ikweta, nahodha nusura afe kwa baridi! Baada ya siku 98 wakafika London. Mzoga uliotupwa ulikuwa mmoja tu.

Kabla ya hapo kondoo mzee wa New Zealand alichemshwa kupata mafuta ya sabuni na mishumaa. Baada ya hapo nyama ilipata bei, na siagi ikapata bei, na wakulima wadogo waliokuwa hawana mtaji wa maelfu ya kondoo wakaona wanaweza kuishi kwa ng'ombe wachache wa maziwa na kiwanda cha ushirika. Nchi hiyo ikawa shamba la Uingereza kwa miaka tisini, hadi Uingereza ilipoingia soko la pamoja la Ulaya mwaka 1973 na kuwalazimisha watafute wateja Asia. Mpaka leo New Zealand hutoa asilimia chache tu ya maziwa ya dunia, lakini kwa kuwa maziwa mengi hunywewa hukohuko yanakokamuliwa, hizo asilimia chache zinatosha kuifanya jina kubwa sokoni.

Na kwetu?

Wakati Dunedin inashusha mzigo, wafugaji wa Afrika Mashariki walikuwa na ng'ombe wengi na hawakumhitaji mtu. Miaka isiyozidi kumi baadaye wengi hawakuwa na kitu. Sotoka, ugonjwa wa virusi, uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa wakati wa uvamizi wa Waitaliano, ukashuka hadi kwa Wamaasai mwaka 1890 na 1891, na kufikia kusini mwa bara mwaka 1896. Sehemu nyingi ng'ombe tisa katika kumi walikufa. Ndui na njaa vikafuata. Wazungu waliofika kugawana ardhi walikuta mbuga tupu, wakaandika kwamba hazina wenyewe.

Mifugo ilipozaana tena, walowezi wa Kenya walikuwa wamechukua ardhi nzuri, na Waafrika wamewekewa mipaka ya maeneo ya hifadhi yao. Halafu ikaja karantini. Sababu ya kitabibu ilikuwepo: sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe ni magonjwa ya kweli. Lakini karantini iliyokaa mwaka baada ya mwaka ilifanya kazi nyingine pia. Ilimzuia Mkamba au Mmaasai kumpeleka ng'ombe wake kwenye soko lenye bei, na kumwacha mlowezi auze peke yake. Mtu aliyezuiwa kuuza, ng'ombe wake wanaongezeka. Kisha anaambiwa anapenda idadi!

Miaka ya 1930 Machakos ilikuwa na hali mbaya. Ukame, udongo unamomonyoka, makorongo kila kilima. Wakamba walikuwa wamekatazwa malisho ya uwanda wa Yatta, hivyo ng'ombe wale wale walibanwa kwenye ardhi ile ile. Serikali ilitazama makorongo ikaona tatizo ni ng'ombe. Ikaamua wapunguzwe kwa lazima.

Lakini ng'ombe waliokonda wa Machakos utawauzia nani? Hapa ndipo kampuni ya Liebig inarudi kwenye hadithi. Ilikaribishwa kujenga kiwanda Athi River, mwendo mfupi kutoka Nairobi, na mwaka 1938 kikawa tayari. Kiwanda cha namna hiyo kinaishi kwa mambo mawili: ng'ombe wa bei ya chini, na wasikatike. Mfugaji mwenye hiari hawezi kukuahidi yote mawili, kwa sababu bei ikiwa mbaya anabaki na ng'ombe wake. Upunguzaji wa lazima uliahidi. Ng'ombe wa Wakamba wakaanza kukamatwa na kupelekwa mnadani kwa bei ambazo wenyewe waliziona ni matusi.

Fikiria ng'ombe huyo ni nini kwa mwenyewe. Ni maziwa ya watoto, ni mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa; na njaa ilikuwa haijasahaulika. Ukimbadilisha kwa shilingi chache, mvua isiponyesha utakula shilingi?

Julai 1938 Wakamba kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi kumwona gavana. Kiongozi wao alikuwa Samuel Muindi Mbingu. Gavana hakutaka kuwaona mjini, nao hawakutaka kuondoka, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa, kimya, bila fujo. Jomo Kenyatta, aliyekuwa London wakati huo, aliandika gazetini kuwatetea. Serikali ilikuwa na hofu nyingine isiyosemwa kwa sauti: askari wengi wa jeshi na polisi walikuwa Wakamba, na vita ya Ulaya ilikuwa inanukia. Muindi Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Lakini upunguzaji wa lazima ukaachwa kabla mwaka haujaisha.

Leo kuna mtaa wa Nairobi wenye jina lake, na City Market iko hapohapo, na mabucha yake.

Vita ikaleta soko la kopo, maana askari anakula popote. Mwaka 1950 Kenya ikaunda tume ya nyama, Kenya Meat Commission, iliyochukua kiwanda cha Athi River. Upande wa Tanganyika, serikali ya kikoloni iliingia ubia na kampuni hiyohiyo ya Liebig kuanzisha Tanganyika Packers, Kawe. Kiwanda kimekufa siku nyingi. Vijana wa Dar wanalijua jina hilo kama viwanja vya mikutano, wala si kopo la nyama.

Sotoka yenyewe iliuawa, na sehemu ya silaha ilitengenezwa hapa: Muguga, nje kidogo ya Nairobi, Walter Plowright na wenzake walipata chanjo bora miaka ya karibu na 1960. Mwaka 2011 dunia ikatangazwa haina tena sotoka, ugonjwa wa pili kufutwa kabisa baada ya ndui. Ungedhani milango ingefunguka. Haikufunguka, kwa sababu bado kuna ugonjwa wa miguu na midomo, ambao huua ng'ombe wachache lakini hufunga masoko mengi. Botswana iliamua kulipa gharama: ikajenga nyua ndefu za waya kutenganisha ng'ombe na nyati, ikaingia soko la Ulaya, na wanyamapori wengi wakafa kwa kiu wakiwa wamezuiwa na nyua hizo. Saudi Arabia nayo mwaka 2000 ilifunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika kwa sababu ya homa ya Bonde la Ufa, na Wasomali wa Berbera, ambao maisha yao ni mbuzi na kondoo wa Hija, wakakaa miaka kadhaa wakiuza kwa njia za kuzunguka.

Siku hizi mbuzi wa Tanzania na Kenya wanakwenda Ghuba wakiwa mizoga iliyopozwa, si iliyoganda, ndani ya ndege. Baridi hiyo ni ya digrii chache juu ya sifuri, na muda wake ni wa siku, si miezi. Mnunuzi wa Dubai au Doha anachagua mbuzi mdogo, mwenye umbo zuri, na anamlipia. Mfugaji anaweza kukataa bei na kurudi na mbuzi wake nyumbani.