Mishipa ya damu kwenye uvimbe: inasema mgonjwa wa limfoma atapona au la?

Wadau, limfoma ni saratani ya limfosaiti, zile chembe nyeupe za damu zinazotulinda na maradhi. Mara nyingi huanza na tezi kuvimba shingoni, kwapani au kwenye kinena, bila maumivu. Mimi si daktari, nimeishia sekondari tu, ila hili nimelifuatilia kwa sababu wengi wanauliza.

Mwaka 1971 daktari wa upasuaji Judah Folkman wa Boston, Marekani, aliandika kwamba uvimbe wa saratani haupiti milimita chache mpaka upate mishipa yake ya damu. Kimtaani tungesema uvimbe unajiunganishia bomba kinyemela: unatoa protini iitwayo VEGF, mishipa ya jirani inachipua matawi kuufuata, chakula na oksijeni vinaingia.

Je, mishipa mingi ndiyo hali mbaya? Inategemea aina. Kwenye limfoma ya seli B kubwa, utafiti wa Lenz na wenzake wa 2008 ulionyesha kuwa wenye alama za jeni za mishipa mingi waliishi muda mfupi zaidi. Lakini kwenye limfoma ya folikuli tafiti zimegongana: nyingine zinasema ni mbaya, nyingine zinasema afadhali.

Basi si tulikate hilo bomba? Lilijaribiwa. Bevacizumab, dawa inayozuia VEGF, iliruhusiwa Marekani 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Ilipoongezwa kwenye tiba ya kawaida ya limfoma ya seli B kubwa, jaribio likasimamishwa mapema. Matokeo ya 2014 yalionyesha wagonjwa hawakuishi zaidi, ila walioumia moyo waliongezeka.

Ndiyo maana madaktari hawategemei idadi ya mishipa. Kwa limfoma hiyo wanatumia kipimo cha IPI cha 1993, chenye mambo 5: umri kuzidi miaka 60, ugonjwa kufika hatua ya 3 au 4, LDH kupanda kwenye damu, mgonjwa kudhoofika hadi kushindwa kufanya kazi, na ugonjwa kuingia sehemu zaidi ya moja nje ya tezi. Hata hayo ni makadirio ya kundi, si hukumu ya mtu.

Kwa hiyo majibu ya kinyama yakirudi yameandikwa mishipa ni mingi, msianze kulia msiba. Muulizeni daktari: ni limfoma aina gani, iko hatua gani, tiba inaanza lini?

Nawakilisha.