UZI: "Wafungiwe kwanza, maswali baadaye"

Wadau, mjadala wa usalama ukipamba moto hakukosi mtu wa kusema: mshukiwa wa ugaidi apewe saa 24 za nini? Akae ndani mpaka aseme. Nimeisikia hiyo Migori na Homa Bay, tena kwa watu ninaowaheshimu. Ebu turudi nyuma kidogo.

Saa 24 ziko kwenye kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010. Walioipitisha walijua uchungu wa bomu. Lile la Agosti 1998 Nairobi liliua zaidi ya watu 200. Lakini walikumbuka pia sheria ya 1966 iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kesi. Na chini ya katiba ya zamani, mshukiwa wa kosa la kunyongwa angeweza kukaa seli siku 14 bila kumwona hakimu.

Halafu saa 24 si kuachiliwa, bana. Ni kufikishwa kortini. Hakimu akiona sababu, anaamuru uendelee kuzuiliwa. Ubishi ni nani aamue: hakimu au aliyekukamata.

Sasa 2014. Westgate, Septemba 2013, tulipoteza watu 67. Mwisho wa Machi 2014, milipuko Eastleigh, watu 6 wakafa. Aprili ukaanza msako wa Usalama Watch. Takriban watu 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, na uwanja wa Kasarani ukageuzwa korokoro. Hata wenye vitambulisho walibebwa. Wengi walitoka kwa hongo, na wenyeji wakawa wanasema polisi wamewafanya ATM.

Hapo ndipo mimi hukwama. Gaidi mwenye pesa anashindwaje kununua njia ambayo muuza nguo amenunua?

Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa. Sisemi msako ndio uliosababisha. Nasema wavu wa macho madogo huzoa hadi vifaranga, na watu wa ziwa mnajua hiyo hadithi.

Utaniambia hayo ni ya Eastleigh. Sawa. Isebania je? Kuna Wakuria na Wajaluo wenye ndugu pande zote mbili za mpaka, mama anavuka Sirare asubuhi akauze, jioni yuko nyumbani. Msako wa "lete kitambulisho" ukishuka Migori, huyo ndiye wa kwanza kupandishwa lori.

Na Homa Bay hamhitaji hadithi ya mbali. Juni 2025 mwalimu kijana alichukuliwa kwao kwa sababu ya chapisho la mtandaoni, akasafirishwa hadi Nairobi, na kesho yake alikuwa maiti mikononi mwa polisi. Tuliambiwa alijigonga ukutani. Wapasuaji wa maiti wakasema majeraha hayaonyeshi hivyo. Hata saa 24 hazikuisha. Kwa hiyo ndiyo, nakubali, kifungu cha 49 peke yake hakikumwokoa. Lakini anayetaka hizo saa ziwe siku 30 anieleze zingemsaidiaje.

Mwaka huo huo, vijana waliokamatwa kwenye maandamano walifikishwa kortini kwa mashtaka ya ugaidi, chini ya sheria ile ile ya 2012 tuliyoambiwa ni ya Al-Shabaab.

Mgombea akija Rongo au Mbita na hiyo ya "wafungiwe kwanza", muulizeni: orodha ya "hao" inaandikwa na nani, na jina lililoingia kimakosa linafutwa wapi?