Paka Anyonyaye

Paka afugwaye nyumbani huwa na tabia moja iwashangazayo watu wengi. Humpandia mwenyewe mapajani, akafumba macho, akakoroma kwa raha, akakanyagakanyaga kwa nyayo zake kama mtu akandaye unga. Kisha akaanza kunyonya ncha ya kidole, ndewe ya sikio au upindo wa nguo. Mwenye paka huyo hucheka, au hukasirika kwa kuwa nguo yake imelowa mate. Lakini palikuwa na zama katika nchi ya Uingereza ambapo kusemwa tu kwamba mnyama ananyonya mwilini mwa mtu kuliweza kumpeleka mtu huyo kitanzini. Habari hiyo yafaa kukumbukwa.

Waingereza wa zama hizo waliamini kwamba mchawi hupewa na Shetani pepo wa kumtumikia, ajaye kwa umbo la paka, mbwa, chura au sungura. Ujira wa pepo huyo ulikuwa damu, ambayo aliinyonya mwilini mwa bibi yake. Mwaka 1563, katika enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge lilitunga sheria ya kumwua mtu yeyote aliyeua kwa uchawi. Mwaka 1604, katika enzi ya Mfalme James wa Kwanza, sheria ilizidi kuwa kali: hata kumlisha pepo au kumpa ujira kulikuwa kosa la kufa.

Mwaka 1566, katika mji wa Chelmsford, jimbo la Essex, walishtakiwa wanawake watatu wa kijiji cha Hatfield Peverel. Mmoja wao, Elizabeth Francis, alikiri kwamba alipokuwa na umri wa miaka 12 nyanya yake alimpa paka mwenye madoadoa, jina lake Sathan, akamwagiza amlishe mkate na maziwa na kumweka kikapuni. Tena alisema kwamba kila paka alipomtendea jambo alidai tone la damu, naye akajichoma ili ampe. Baada ya miaka 15 au 16 akampa jirani yake, Agnes Waterhouse, mjane wa umri wa miaka 64 hivi. Agnes alinyongwa mwezi wa Julai mwaka huo huo. Binti yake Joan, aliyekuwa na umri wa miaka 18, aliachiliwa. Elizabeth alifungwa, na mwaka 1579 akashtakiwa tena na kunyongwa. Tukiondoa damu katika ushuhuda huo, kinachobaki ni paka, kikapu, mkate na maziwa. Vitu vipatikanavyo katika nyumba yoyote ya mkulima.

Mambo yalizidi kuharibika wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1642, maana mahakama zililegea na hofu ikaenea. Mwaka 1645 alitokea mtu mmoja wa Manningtree, Matthew Hopkins, aliyejipa cheo cha jemadari wa kuwasaka wachawi. Yeye na mwenzake, John Stearne, walizunguka vijiji vya mashariki ya Uingereza, na vijiji viliwalipa fedha. Mshukiwa alivuliwa nguo na kukaguliwa na wanawake, ili ionekane kama ana chuchu ya kumnyonyeshea pepo. Chunjua, baka au kovu lilitosha kuwa dalili. Kisha alikeshezwa siku kadhaa bila usingizi, huku walinzi wakingoja pepo wake waje kunyonya.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Elizabeth Clarke, kikongwe maskini mwenye mguu mmoja. Baada ya kukeshezwa, alisema ana pepo kadhaa, mmoja wao mfano wa mtoto wa paka mweupe aitwaye Holt. Alinyongwa mwaka huo. Katika muda wa miaka miwili hivi watu wapatao mia moja au zaidi waliuawa kwa njia hiyo, na wengi wao walikuwa wanawake.

Angalia jinsi mtego huo ulivyotegwa. Ni mzee gani asiye na chunjua mwilini? Ni mjane gani aishiye peke yake asiyefurahia paka wa kumfukuzia panya na kumpa joto usiku? Kwa hiyo ushahidi haukukosekana kamwe. Ikiwa mtoto wa jirani aliugua, au ng'ombe alikufa, ilitosha kumtazama yule bibi asiye na mtetezi. Mnyonge hana haki.

Polepole watu wenye elimu walianza kushuku mashtaka hayo. Mwaka 1712 Jane Wenham wa Hertfordshire alihukumiwa kufa kwa kuzungumza na Shetani katika umbo la paka, lakini hakimu mwenyewe hakuridhika, akamwombea msamaha kwa Malkia Anne, akasamehewa. Mwaka 1736 sheria ya kuwaua wachawi ilifutwa.

Siku hizi sababu ya tabia ya paka inajulikana. Mtoto wa paka hukanyagakanyaga ziwa la mama ili maziwa yashuke. Akitengwa na mama mapema mno, huenda akaendelea kutafuta faraja ile katika sufu au ngozi ya mtu. Basi haifai kumpiga, maana hofu huizidisha tabia hiyo. Yafaa kumwondoa kwa upole, kumpa kitambaa chake na kucheza naye. Akimeza nyuzi, apelekwe kwa daktari wa mifugo, kwani zaweza kuziba matumbo. Bora zaidi ni kumwacha na mama yake wiki nane au zaidi.

Tusiwacheke Waingereza wa kale. Mwaka 2008, huko Kisii katika nchi yetu, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto kwa kushukiwa uchawi. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Lakini historia yatufunza kwamba lisemwalo na wengi laweza kuwa halipo kabisa, na aliyeuawa kwa ajili yake hafufuki. Kabla ya kuokota jiwe, na tuulize kwanza: tumeona nini hasa? Huenda tumeona paka tu.