Gesi ya kina kirefu: Sharjah ipo, Ndalu je?

Nilikuwa Ndalu, kati ya Kitale na Bungoma, kwa wakwe zangu. Shemeji akanieleza kuwa madalali wawili wanataka kukodi shamba lake la mahindi. Wamemwambia chini kuna gesi, ila kwanza atoe yeye pesa za upimaji. Akaniuliza, "Shemeji, nyinyi watu wa pwani mambo ya gesi si mnayajua?" Diploma yangu si ya miamba, lakini nimesoma, na haya ndiyo niliyomjibu.

Gesi haikai pangoni. Hukaa ndani ya vitundu vidogo vya jiwe, na ili ijikusanye lazima mambo matano yakutane:

1. Jiwe mama: matope ya kale yaliyojaa mabaki ya viumbe.
2. Joto: kila kilomita moja ya kina huongeza takriban nyuzi 25 hadi 30. Likipita nyuzi 150 hivi, mafuta huanza kugeuka gesi. Likizidi mno, hata gesi haibaki.
3. Jiwe la kuhifadhi: huko chini uzito huvibana vitundu, basi nyufa husaidia.
4. Mtego na kifuniko: ardhi ikisukumwa, tabaka hukunjana kama mkeka, kipande kikapanda juu ya chenzake. Gesi hunaswa kwenye mgongo wa mkunjo, mradi juu yake pana tabaka lisilopitisha.
5. Wakati: mtego uwepo kabla gesi haijapita.

Sharjah, waliko jamaa zetu wengi, yote matano yalikutana kando ya milima ya Hajar. Kisima cha Mahani, kilichotangazwa Januari 2020, kilichimbwa karibu mita 4,450.

Ndalu nako miamba ilisukumana. Ukanda wa Msumbiji ulisukumwa kuelekea magharibi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Lakini miamba ile ilipikwa kupita kiasi, ikawa mawe magumu ya fuwele. Mtego bila jiwe mama ni dema tupu. Mashapo manene yako huku pwani, ndiyo maana Songo Songo ilipata gesi mwaka 1974.

Tena kuna sheria. Kwa Sheria ya Petroli ya 2019, gesi iliyo chini ya ardhi ya Kenya ni ya wananchi wote, chini ya amana ya serikali kuu. Dalali hawezi kuikodi kwa mkulima. Anayetafuta gesi huja na mkataba wa serikali, na gharama za kupima ni zake mwenyewe.

Shemeji hakutoa hata shilingi. Shamba liko palepale, na mahindi yamo.