Visiwa Visivyodai Viza na Njia Inayoidai: Mwongozo kwa Wasafiri wa Nigeria

Raia wa Nigeria hahitaji kuomba viza mapema ili aingie Niue au Shirikisho la Mikronesia; hupewa kibali cha siku 30 anapowasili, mradi awe na tiketi ya kuondokea. Ugumu uko njiani. Ndege za abiria za kwenda Niue hutokea Auckland, na New Zealand humtaka Mnigeria awe na viza hata anapobadilisha ndege tu. Anayepitia Honolulu au Guam kwenda Mikronesia hana budi kukaguliwa na uhamiaji wa Marekani. Viza ya kupita ipatikane kwanza, ndipo tiketi ilipiwe. Chanjo ya homa ya manjano nayo isingoje wiki ya safari: cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano.