Mwanajiolojia wa jotoardhi (Katanga)

Mwanajiolojia wa jotoardhi ni mtaalamu anayetafuta joto la chini ya ardhi na kukadiria kama linafaa kuzalisha umeme. Lubumbashi, jiji la Katanga, kusini mwa Kongo (DRC), imekua juu ya shaba, na vijana wake wengi wanaosomea jiolojia chuoni huelekea kwenye shaba na kobalti. Wachache hufuata joto, ingawa kituo cha kwanza cha umeme wa jotoardhi barani Afrika kilijengwa Katanga hiyohiyo.

Kituo hicho kilikuwa Kiabukwa, mwaka 1952. Maji ya chemchemi yake yana joto la nyuzi 91 hivi za Selsiasi, ambalo halitoshi kuendesha mtambo kwa mvuke wa maji yenyewe. Kwa hiyo yalitumika kupasha kimiminika kingine kinachochemka kwa joto dogo zaidi, na mvuke wa kimiminika hicho ndio uliozungusha mtambo. Umeme uliopatikana, kama kilowati 200, ulikwenda kwa kampuni ya madini. Mtambo ulifanya kazi miaka michache, ukaachwa. Huko Olkaria, Kenya, uchimbaji wa visima vya majaribio ulianza 1956, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa. Kenya iliendelea, Katanga, iliyotangulia, ilisimama. Ni hasara kubwa.

Katanga haina volkano changa kama Olkaria. Maji ya mvua huzama kwenye nyufa za miamba, hupata joto katika kina kirefu, kisha hupanda. Ndiyo maana kazi huanza kwa kuchora ramani ya nyufa. Kwenye chemchemi, mtaalamu hutumbukiza kipimajoto pale maji yanapotokea, si kwenye dimbwi lililokwisha kupoa. Huchuja maji, huyatia kwenye chupa na kuyapeleka maabara kupimwa silika, madini yaliyoyeyuka kutoka kwenye miamba: kiasi chake hudokeza joto la huko chini kabla hakijachimbwa kisima chochote, na kuchimba ndiyo gharama kubwa kuliko zote.

Mafunzo ya juu hupatikana Iceland, ambako wataalamu wa Kiafrika wamekuwa wakisomeshwa fani hii kwa miongo kadhaa.

Tangu 1982 Katanga hupokea umeme wa mabwawa ya Inga kupitia njia ya kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi, na vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya hizo bado viko gizani. Kwa hiyo wanajiolojia wa Lubumbashi waanze na Kiabukwa: waipime upya.