Waliookoa Koneti ya King Oliver

Treni ilipopita, kazi ilisimama. Studio ya lebo ya Gennett ilikuwa ndani ya kiwanda cha piano cha Starr, mjini Richmond, jimbo la Indiana, na reli ilipita kando yake kabisa. Mngurumo wa mabehewa ungeingia kwenye nta pamoja na muziki. Hapo ndipo, tarehe 5 na 6 Aprili 1923, King Oliver's Creole Jazz Band iliporekodi nyimbo tisa. Bendi ilitoka Chicago, ambako usiku ilijaza ukumbi wa Lincoln Gardens. Kiongozi wake, Joe Oliver wa New Orleans, alipuliza koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta. Koneti ya pili ilikuwa mikononi mwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuwahi kurekodiwa popote. Jina lake Louis Armstrong.

Maikrofoni haikuwepo, iliingia studio za Marekani mwaka 1925. Walipiga mbele ya pembe kubwa: sauti ikasukuma utando, utando ukasukuma sindano, sindano ikachimba mfereji kwenye sahani ya nta. Lil Hardin, aliyepiga piano siku hizo, alisimulia baadaye kwamba Armstrong alisogezwa nyuma ya wenzake kwa sababu koneti yake ilimfunika Oliver, mwalimu wake. Mpiga ngoma Baby Dodds aliacha ngoma yake kubwa akagonga mbao, maana mshindo wa ngoma ungeirusha sindano. Katika "Dipper Mouth Blues" kuna mahali sauti ya mtu inapaa ghafla kujaza pengo. Dodds alieleza kwamba alisahau kupiga kipande chake, na mwenzake Bill Johnson akapiga ukelele kumwokoa. Kosa hilo likawa sehemu ya wimbo. Bendi zilizourudia wimbo huo baadaye ziliuweka ukelele huo pia.

Kiwanda cha Starr kilimhudumia yeyote aliyelipa. Kilifyatua pia santuri za watu wa Ku Klux Klan, waliokuwa na nguvu kubwa Indiana miaka ile. Wapigaji weusi kutoka New Orleans na wabaguzi waliowachukia waliacha sauti zao chini ya paa moja.

Nimeanza na siku hizo mbili kwa sababu nataka kuzifuata. Huwa tunadhani kwamba muziki ukisharekodiwa umeshaokoka. Ukifuatilia maisha ya santuri za Oliver unaona kwamba ziliokolewa tena na tena, na kila aliyeziokoa aliacha alama ya mkono wake kwenye sauti tunayoisikia leo.

Hatari ya kwanza ilikuwa njaa. Marekani iliyouza zaidi ya santuri milioni 100 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1920 iliuza kama milioni 6 tu mwaka 1932, baada ya uchumi kuanguka. Gennett ilikwisha. Paramount, ambayo Oliver aliirekodia pia, iliacha kazi. Paramount ilikuwa mali ya kiwanda cha viti cha Wisconsin kilichoingia kwenye santuri ili kiuze makabati ya gramafoni. Mabamba ya shaba, yale ambayo santuri hufyatuliwa kutoka kwayo, kwa viwanda hivyo yalikuwa shaba tu, na mengi yaliishia kwenye vyuma chakavu. Bamba likishayeyushwa, kinachobaki duniani ni nakala zilizouzwa madukani, zilizochezwa kwa sindano za chuma kwenye sherehe za watu mpaka zikachakaa.

Oliver mwenyewe aliangukia mahali hapohapo. Meno na fizi vilimharibikia, bendi ikamvunjikia, akaishia Savannah, Georgia, akifagia ukumbi wa mchezo wa biliadi. Alifariki Aprili 1938. Kinachoniuma kila nikikumbuka ni kwamba miaka hiyohiyo vijana, wengi wao wanafunzi wa vyuo, walikuwa wakibisha hodi mlango kwa mlango katika mitaa ya watu weusi, wakinunua kwa senti chache santuri zenye jina lake.

Hao ndio wakusanyaji wa kwanza. Ufaransa walikuwa na Hot Club de France, iliyoanza 1932, na mwaka 1936 Charles Delaunay akatoa kitabu cha *Hot Discography*. Kilikuwa kazi ya uchunguzi hasa: nani alipiga ala gani, siku gani, kwa lebo ipi. New York kulikuwa na Milt Gabler wa duka la Commodore, mtaa wa 42 Mashariki. Wateja walimjia wakitafuta santuri zilizokwisha sokoni, naye akaenda kwa wenye lebo akawaomba wamfyatulie upya kutoka kwenye mabamba yao ya zamani, yeye alipie. Mwaka 1935 akaanza kuzitoa chini ya jina la United Hot Clubs of America. Kadiri ninavyolielewa jambo hili, toleo la marudio kama kazi yenye heshima yake linaanzia pale.

Heshima hiyo ilionekana kwenye karatasi ya katikati ya santuri. Toleo la kwanza lilikuwa na jina la bendi, jina la wimbo, na aina ya dansi. Gabler aliandika majina ya wapigaji wote na tarehe ya kurekodi. Klarineti: fulani. Tromboni: fulani. Ni kitu kidogo sana, wino tu, ila kabla yake Johnny Dodds wa bendi ya Oliver angeweza kukutoa machozi kwa klarineti yake nawe usijue umlilie nani. Mimi bado nikifungua toleo jipya la muziki wa zamani naangalia hilo kwanza, kabla ya picha na kabla ya bei. Toleo lisilotaja waliopiga nalirudisha mahali pake.

Mwaka 1940 Columbia ilimwita mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, George Avakian, aandae mfululizo wa jazi ya zamani. Katika ghala la kampuni huko Bridgeport, Connecticut, alikuta rekodi za Armstrong za miaka ya 1920 ambazo hazijawahi kutolewa kabisa. Zilikuwa zimekaa pale zaidi ya miaka kumi bila mtu kuuliza. Kisha vita vikaja. Santuri za zamani zilitengenezwa kwa lakiri, utomvu wa wadudu wadogo wa India, na mwaka 1942 serikali ya Marekani ilikata sana matumizi yake. Watu wakahimizwa watoe santuri chakavu zisagwe upya. Ni nyimbo ngapi za pekee zilizosagwa, hakuna atakayezihesabu.

Baada ya vita ikaja santuri ndefu ya mwaka 1948, na kwa santuri ndefu wakaja maharamia. Mmoja wao kijana wa New York, Dante Bolletino, aliita lebo yake Jolly Roger, jina la bendera ya majambazi wa baharini, wala hakujificha. Alinakili santuri za Armstrong, Jelly Roll Morton na wengineo ambazo makampuni makubwa yalikuwa yamezitupa, akaziuza. Mwaka 1951 jarida la wakusanyaji, *The Record Changer*, likafichua kwamba baadhi ya santuri zake zilifyatuliwa katika kiwanda cha RCA Victor, na ndani yake zilikuwemo rekodi za RCA Victor yenyewe! Kampuni ilikuwa ikiibiwa kwa mashine zake. Columbia na Armstrong walimshtaki mapema 1952, lebo ikafa.

Siwezi kumsifu mtu aliyeuza jasho la wengine bila kuwapa chochote. Lakini ukweli una upande wa pili: wapigaji wengi wa enzi ya Oliver walilipwa mara moja tu siku ya kurekodi, basi, na makampuni yaliyopiga kelele ya wizi yalikuwa yameuweka muziki huo kizuizini. Haramia ndiye aliyewaonyesha kwamba wanunuzi wapo. Wahariri wa jarida lile, Bill Grauer na Orrin Keepnews, walipewa na RCA kazi ya kutoa upya hazina yake. Wakaanzisha pia lebo yao, Riverside, na kazi yake ya kwanza mwaka 1953 ilikuwa kurudisha hai rekodi za Gennett na Paramount. Siku zile za Richmond zikawa na maisha mapya, miaka thelathini baadaye, katika vyumba vya watu ambao hawakuzaliwa zilipotoka.

Mabamba yakiwa hayapo, ilibidi kunakili kutoka kwenye santuri iliyochezwa. Hapo ndipo mkono wa fundi unapoingia, na hapo ndipo wakusanyaji hugombana mpaka leo.

Fundi ninayemheshimu kuliko wote ni Mwingereza John R. T. Davies, aliyefariki 2004. Mwenyewe alikuwa mpiga tromboni na saksofoni, na bendi yake, Temperance Seven, ilishika namba moja Uingereza mwaka 1961. Nyumbani alikuwa na sindano za unene mbalimbali. Mfereji wa santuri huliwa na sindano za zamani katika kina fulani, na ukipata sindano nene au nyembamba kidogo utagusa ukuta ambao haujaliwa, na hapo sauti bado ni mpya. Mlio wa ufa aliuondoa kwa wembe: alitafuta mahali pake kwenye kanda ya sumaku akaukwangua ule unga, ufa mmoja baada ya mwingine. Mchakacho wa chini aliuacha, kwa kuwa ukiufuta wote unafuta na pumzi ya mpigaji. Miaka ya 1980 Robert Parker wa Australia alifanya kinyume. Aliwapa wasikilizaji wa BBC jazi ya miaka ya 1920 yenye mwangwi na upana wa stereo ambao studio zile hazikuwa nao. Wengi waliipenda jazi kwa mara ya kwanza kupitia kwake, na hilo si dogo. Ila nikimsikiliza Oliver akiwa kama amesimama ndani ya kanisa kubwa, najua nimedanganywa. Alisimama mbele ya pembe, karibu na reli.

Kasi nayo ina hila zake. Santuri huitwa za mizunguko 78 kwa dakika, lakini mashine za kurekodia hazikutii namba hiyo. Ukikosea kasi kidogo, wimbo wote unapanda au unashuka, na mwanafunzi wa koneti anajifunza kwa ufunguo ambao Oliver hakuupiga. Jambo hili halikuishia enzi za nta. Upande wa kwanza wa *Kind of Blue* ya Miles Davis, iliyorekodiwa 1959, ulienda kasi kuliko ilivyopigwa kwa zaidi ya miaka thelathini kabla toleo jipya halijausahihisha. Miaka ya 2000 Doug Benson na David Sager, kwa lebo ya Archeophone, walikusanya kwa wenye santuri nakala nzima kuliko zote za Oliver za 1923, wakapima kasi ya kila wimbo, wakazitoa zote 37. Koneti mbili zilizokuwa zimeshikamana kama uji sasa zinatengana: huyu Oliver, yule Armstrong.

Kwa matoleo ya marudio, sheria iliipa Ulaya uhuru kuliko Marekani. Huko hakimiliki ya rekodi ilidumu miaka 50, kwa hiyo Mfaransa Gilles Pétard aliweza kuanzisha Chronological Classics mwaka 1989 na kutoa CD zaidi ya 900, kila mpigaji kwa mpangilio wa tarehe zake. Marekani, Michael Cuscuna na Charlie Lourie walikuwa wameanza Mosaic mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa makasha ya toleo lenye kikomo: likiisha limeisha, na bei mikononi mwa watu inapanda. Rekodi za 1923 ziliwekwa huru kwa umma wa Marekani tarehe 1 Januari 2024 tu, kwa sheria ya 2018.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Toleo la marudio ndilo lililotupa midundo yetu. Mwaka 1933 HMV ilianza kutuma Afrika santuri za mfululizo wa GV, muziki wa Kuba uliokwishatoka kwingine, ukapewa namba mpya. Rumba ya Kongo na dansi yetu zilinywa kisima hicho. Neno "Jazz" lilikuwa limeshafika: Dar es Salaam Jazz Band iliundwa 1932, wakafuata Morogoro Jazz, Tabora Jazz na, ng'ambo ya ziwa, OK Jazz mwaka 1956. Nyimbo za bendi zetu nazo zilisubiri wakusanyaji. John Storm Roberts alizitoa upya kwa lebo yake ya Original Music, kisha ukaja mfululizo wa *Zanzibara* wa Buda Musique ya Ufaransa. Ningependa kuona tumeifanya kazi hiyo wenyewe, na majina ya wapigaji yote yameandikwa.

Nyimbo zile tisa za Aprili ziko salama sasa kadiri kitu cha dunia kinavyoweza kuwa salama. Si zote za Oliver zilikuwa na bahati hiyo. Oktoba 1923 Oliver alirekodi kwa Gennett "Zulus Ball", na nyuma yake "Workingman Blues". Hakuna bamba. Ya santuri yenyewe, namba 5275, inajulikana nakala moja tu duniani. Kila toleo la "Zulus Ball" ambalo mtu amewahi kulinunua, la santuri ndefu, la CD, la intaneti, limetoka kwenye sahani hiyo moja, na ukiweka masikio vizuri chini ya koneti unaisikia ikizunguka.